Chumba cha Shemeji

Dalali alikuwa mtu wa mbwembwe. Kila nyumba aliyoionyesha aliifungua kama anayefungua zawadi: kwanza anatikisa funguo, kisha anakohoa, halafu anausukuma mlango kwa ncha za vidole na kujitoa pembeni ili mteja apite. Hivyo ndivyo alivyofanya siku ile, na Fundi akaingia kwenye chumba na sebule vilivyokuwa vikinuka chokaa mbichi.

Fundi alipitisha kiganja ukutani. Kikatoka cheupe.

"Wamepaka juu ya unyevu," alisema. "Mvua zikianza itabanduka yote."

"Basi utapaka tena wewe. Si ndiyo kazi yako?" Dalali akacheka peke yake. "Haya, tuambiane mapema. Mnapikia nini?"

"Gesi."

"Watoto?"

"Mmoja. Wa kike. Anasoma shule hiyo ya hapo barabarani, ndiyo maana sitaki kuhama mtaa."

"Ngoma, makelele, wageni wa kulala?"

"Hatuna mambo hayo."

"Safi kabisa. Mwenye nyumba hii hana matata, wewe mpe kodi yake tu mtaishi kama ndugu."

Fundi alikuwa ameahidiana na mkewe kwamba jambo hili litasemwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, si baada yake.

"Tuna mbwa," akasema.

Dalali alimshika Fundi mkono kwa upole, kama anayemtoa mgonjwa wodini, wakatoka nje wote wawili, naye akaurudisha mlango na kuufunga kwa kufuli. Kisha akaweka funguo mfukoni.

"Fundi, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini ungeniambia una wake watatu, ningekutafutia nyumba. Mbwa? Hapana. Umenitembeza bure."

*

Mbwa mwenyewe aliitwa Shemeji, na jina hilo alilipata kihalali. Mwenye mbwa hasa alikuwa kaka yake mke wa Fundi, kijana mcheshi asiyetulia mahali, ambaye alipopata kazi ya mbali alimleta mbwa kwa dada yake kwa kamba ya katani na kusema atamfuata baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka. Mtu akiuliza, "Kwani huyu ni mbwa wa nani?" Fundi alijibu, "Wa shemeji." Ikafika mahali neno la mwanzo likadondoka, akabaki Shemeji tu. Alikuwa mbwa mkubwa, wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kazi ya ulinzi hakuijua. Mwizi akija, Shemeji angemwonyesha mlango ulipo.

Fundi hakuwahi kujiita mpenda mbwa. Alilalamika juu ya manyoya kwenye ovaroli yake, alilalamika juu ya mifupa chini ya kiti. Lakini jioni akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, ni yeye aliyeuliza, "Shemeji amekula?"

Sasa nyumba waliyokaa ilikuwa inataka kurudi kwa wenyewe. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye haya, akaja na kofia mkononi, akaeleza kwamba mwanawe anaoa na hana pa kumweka mkwe. Aliwapa hadi mwisho wa mwezi. Hapakuwa na ugomvi, na ndiyo maana lilikuwa jambo gumu zaidi, kwa sababu mtu huwezi hata kumkasirikia.

Wakatafuta. Fundi alitafuta asubuhi kabla ya kazi, mkewe, Mama Kadogo, akatafuta jioni akitoka kwa dobi alikokuwa akipiga pasi. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha aliwakubalia, kisha akamwomba Mama Kadogo asogee karibu, akamnusa begani na kusema hapana, harufu ya mbwa ameijua tangu getini. Mama Kadogo alirudi nyumbani akafua nguo zote kabatini, hata zile safi, wala hakusema kwa nini. Fundi alikuja kuambiwa baadaye na binti yao, Kadogo. Mwingine, bwana mwenye tumbo na ghala la nafaka, alimtazama Shemeji kwa muda mrefu, akamzunguka, akamwuliza umri. Fundi akaanza kupata matumaini.

"Mbwa nitamchukua," yule bwana akasema. "Nina mahali pazuri sana. Lakini nyinyi sina pa kuwaweka."

Usiku huo Fundi alilitoa jambo lililokuwa likimkaa kooni.

"Mama Kadogo, huyu bwana wa ghala ana ua mkubwa. Nimeuona. Kuna kivuli."

Mkewe alikuwa akikunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Kaka akipiga simu," alisema, "unajua kitu cha kwanza anachouliza? Hanisalimii mimi. Anauliza, mbwa wangu mzima? Mimi najua hivyo ndivyo anavyouliza kama nyumbani bado kupo. Sasa nikimwambia tumemgawa, nitakuwa nimemwambia nini?"

Fundi akachukua ncha ya pili ya shuka, wakaikunja pamoja.

*

Habari ya nyumba ya Mama Mkunga aliipata juu ya ngazi, akipaka dari ya ofisi fulani. Mfagiaji wa pale alimwambia kuna mama, mkunga mstaafu, mwenye kijumba kizuri nyuma ya nyumba yake, na mpangaji wa mwisho ameondoka. Fundi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda hivyo hivyo na madoa yake.

Mama Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu waliolala chali. Alimwonyesha vyumba viwili, jiko, bomba la maji ndani, na kijichumba kidogo cha pembeni chenye dirisha lake. Kuta zilikuwa kavu. Fundi alizipapasa moja baada ya moja, na kila moja ilipokuwa kavu moyo ulizidi kumdunda, kwa maana aliipenda nyumba ile, na kupenda nyumba ya mtu kabla ya kukubaliwa ni hatari.

"Mko wangapi?" Mama Mkunga aliuliza.

"Mimi, mama watoto, binti yetu," Fundi akasema. Akavuta pumzi ili aseme la mbwa. Lakini ulimi, kwa mazoea yake ya kila siku, ukatangulia. "Na Shemeji."

"Shemeji yako anaishi kwenu?"

Hapo ndipo alipopaswa kucheka na kusema, samahani mama, nifafanue. Alijua hivyo wakati ule ule. Lakini dirisha la kile kijichumba lilikuwa wazi, upepo unaingia, na yule mama alikuwa akimtazama kwa wema.

"Ndiyo, mama. Siku nyingi sasa."

"Anafanya kazi gani?"

"Kwa sasa hana kazi."

"Ah. Vijana. Anakunywa?"

"Maji tu."

"Anatembea usiku? Mimi sipendi geti kufunguliwa usiku."

"Akishakula analala palepale."

"Wanawake?"

Fundi alifikiri kidogo. "Zamani," alisema. "Siku hizi ametulia."

Mama Mkunga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema wapangaji wake wa mwisho walikuwa na shemeji pia, na yule alikuwa balaa, lakini huyu anaonekana ana malezi. Fundi akatoa kodi ya mwanzo, akaandikisha anapokaa, akapewa risiti, akaaga. Alitembea kwa furaha mpaka kona ya kwanza. Baada ya kona akapunguza mwendo.

Alipomsimulia mkewe, Mama Kadogo alicheka mpaka akakaa chini. "Zamani, siku hizi ametulia!" alirudia, akijifuta machozi kwa kanga ya begani. Shemeji akaja kuona kuna nini, akaweka kichwa mapajani mwake. Ndipo kicheko kikamwisha kidogo kidogo.

"Utarudi kumwambia," alisema.

"Nitarudi."

"Lini?"

"Acha nimalize ile dari."

Dari ikaisha. Akasema acha amalize na madirisha. Madirisha nayo yakaisha. Kila jioni Mama Kadogo alimwuliza kwa macho, na kila jioni Fundi alikuwa na jambo la kuangalia kwenye kiatu chake.

*

Jumamosi moja Fundi alirudi mapema. Alipofika mlangoni akaona viatu asivyovijua vimepangwa vizuri juu ya ngazi, viatu vyeusi vya kamba, vya mtu anayesimama kutwa nzima. Ndani, kwenye kiti chake mwenyewe, alikaa Mama Mkunga akinywa chai. Mama Kadogo alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, uso umemkakamaa kama nguo iliyotiwa wanga.

"Karibu kwako," Mama Mkunga alisema. "Nina kawaida ya kupita kuona watu wangu wanavyoishi. Mtu hujulikana kwake. Nimeona jiko lenu, nimefurahi."

"Karibu sana, mama," Fundi akasema. Macho yake yalizunguka chumba. Mbwa hayupo. Kadogo hayupo. Mkewe akamjibu kwa kutikisa kichwa kidogo kuelekea barabarani: wametoka kutembea.

"Nilitaka kumwona na shemeji yako," Mama Mkunga aliendelea, "lakini nimeambiwa ametoka na mtoto. Jambo zuri. Wajomba wanaotembeza watoto ni wachache." Akaweka kikombe chini. "Sasa nina habari yake. Kile kijichumba nimekisafisha mwenyewe. Nilikuwa na kitanda cha ziada, nimekitandika, nimeweka na neti. Haifai mtu mzima kulala sebuleni na mtoto wa kike yumo ndani."

"Mama, usingejisumbua," Fundi alisema.

"Ngoja, sijamaliza. Mpwa wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, lile kubwa karibu na stendi. Anatafuta mtu wa stoo. Anataka mtu asiyelewa, asiyezurura, asiye na maneno mengi. Nikamwambia ninaye. Nikamwambia, huyu namwekea dhamana mimi. Jumatatu asubuhi anamngoja."

Nje, muuza maji alipita akigonga dumu lake. Mama Kadogo alikuwa ameinamisha uso, na Fundi akaona kwamba mkewe halii wala hacheki, anangoja tu kuona ameolewa na mtu wa namna gani.

Angeweza kusema shemeji ana safari. Angeweza kusema amepata kazi kwingine. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, umevaa viatu. Lakini kile kitanda kilimshinda. Akilini alimwona yule mama mfupi akihangaika na fito za neti, akipanda juu ya kigoda kwa ajili ya mtu asiyemjua.

"Mama," alisema, "shemeji ni mbwa."

Mama Mkunga akamkazia macho. "Usimseme hivyo ndugu wa mkeo. Mimi nimeona vijana wengi wakibadilika."

"Simsemi vibaya. Ni mbwa."

"Mbwa kwa tabia?"

"Mbwa wa miguu minne, mama. Ana mkia. Shemeji ni jina lake. Nilikosea kutamka, kisha nikaona aibu, kisha nikaona nyumba ni nzuri. Nimekudanganya. Nisamehe."

Mama Mkunga hakupandisha sauti. Alisimama, akakung'uta gauni ambalo halikuwa na kitu, akaenda mlangoni na kuvaa viatu vyake. Ilimchukua muda kufunga kamba, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nimemwombea mbwa kazi," alisema, akiwa amewapa mgongo. "Kwa mpwa wangu. Nimemwekea mbwa dhamana."

Akaondoka kwa njia ya juu, na kwa bahati Kadogo na Shemeji wakarudi kwa njia ya chini.

Mama Kadogo alikusanya vikombe. Akapita nyuma ya kiti cha mumewe, akamwekea mkono shingoni, akauacha hapo kidogo.

"Afadhali," alisema.

"Hatuna nyumba."

"Najua. Afadhali hivyo hivyo."

*

Jumatatu, kabla duka la vifaa vya ujenzi halijafunguliwa vizuri, Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Pale palikuwa mahali anaponunua rangi zake. Watu wote wa duka wanamjua, na kwa hiyo ilikuwa vigumu zaidi. Lakini alikuwa amelala akiwaza: yule mama ataanzaje kumweleza mpwa wake? Kama kuna mtu wa kuchekwa, ni bora achekwe mwenye kosa.

Mpwa alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na kalamu nyuma ya sikio. Kisha akainamisha kichwa juu ya kaunta. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Shangazi aliniambia hana maneno mengi," alisema alipopata pumzi. "Aliniambia, huyu ukimpa chakula na kumpa kazi, hakusumbui."

"Kosa ni langu. Shangazi yako alidanganywa. Nimekuja ulijue hilo kwangu mimi, usimcheke."

Mpwa alimcheka hivyo hivyo. Wabeba saruji nao walicheka, na tangu siku ile Fundi hakuweza kununua hata brashi pale bila mtu kupaza sauti kutoka stoo kuuliza kama shemeji ameshapona, maana hajamwona kazini. Alikubali. Aliona ni haki yao.

Jioni yake akaenda kwa Mama Mkunga na risiti, kuchukua kodi yake. Geti lilikuwa limefungwa. Yule mama alikuja mpaka kwenye geti, hakulifungua, wakazungumza kupitia kwenye nondo.

"Mpwa wangu amenipigia simu," alisema. "Amesema ulikwenda."

"Nilikwenda, mama."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Akampitishia bahasha. Ilikuwa kamili, Fundi aliihisi kwa unene wake wala hakuifungua. Akashukuru, akageuka.

"Hebu," Mama Mkunga akasema. "Niambie jambo moja. Ungenyamaza siku ile, ungehamia. Mbwa angekuja na mzigo, nami ningefanya nini, mwanamke peke yangu? Kwa nini hukunyamaza?"

Fundi akaitia bahasha mfukoni.

"Ulishatandika kitanda," alisema. "Kama usingetandika, huenda ningenyamaza. Sitaki kukudanganya tena."

Mama Mkunga alishika nondo kama mtu aliyefungwa yeye. Kisha akapandisha gauni kidogo upande mmoja. Kwenye shavu la mguu palikuwa na kovu, limekunjamana kama ngozi ya uji uliopoa.

"Nilikuwa ninaenda kuzalisha," alisema. "Nyumba ya tatu kutoka kona, mbwa akatoka bila kubweka. Nilifunga kitambaa nikaendelea na safari. Mtoto alizaliwa salama. Mimi ndiye niliyechelewa kupona. Tangu hapo nikiona mbwa navuka barabara, hata awe amefungwa, hata awe wa udongo. Si kwamba nina roho mbaya."

"Sikufikiri hivyo, mama."

"Wako anang'ata?"

"Hajawahi."

"Wote hawajawahi mpaka siku wanapowahi." Akashusha gauni. "Jumamosi mlete. Wote mje. Akae nje ya geti, mimi nitakuwa dirishani. Sijasema ndiyo. Nataka tu kumwona huyo niliyemwombea kazi."

*

Wakamwogesha Shemeji kwa sabuni ya kufulia. Mama Kadogo alimchana kwa chanuo kuukuu, Kadogo akataka kumfunga utepe, mama yake akakataa akisema huyu haendi kuposa. Wakaenda kwa miguu, wote wanne, wamevaa nguo zilizopigwa pasi hasa.

Dirisha la Mama Mkunga lilikuwa na nondo na wavu, na nyuma ya wavu uso wake ulionekana kwa shida. Kadogo alishika kamba kwa mikono miwili. Fundi akasimama mbele, Mama Kadogo pembeni, kama watu wanaopigwa picha.

"Ndiye huyo?" sauti ikatoka ndani.

"Ndiye, mama."

"Mbona sikio moja limelala?"

"Amezaliwa nalo," Mama Kadogo akajibu.

"Mwambie abweke nisikie."

Fundi akamgeukia Shemeji. Shemeji akamtazama, akatazama dirisha, akapiga miayo. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali na safari ilikuwa ndefu kwa umri wake, akajilaza kwenye kivuli cha nguzo ya geti, akashusha pumzi nzito, akafumba macho. Haukupita muda wakaanza kusikia sauti kama ya msumeno butu.

"Ni nini hicho?"

"Anakoroma, mama," Fundi akasema. "Hilo nalo silifichi. Anakoroma sana."

Mlango wa mbele ukafunguka, Mama Mkunga akatoka mpaka ukingoni mwa baraza, ufagio mkononi, ameushika mbele yake kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na jasho. Alisimama pale, kifua kikipanda na kushuka, na wote waliona ni kazi kubwa anayoifanya. Kadogo, bila kuambiwa, akaizungusha kamba mkononi mara nyingine.

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo," Mama Mkunga alisema hatimaye. "Ukimwambia geuka, anageuka na kukoroma upande wa pili."

Mama Kadogo akatabasamu. "Huyu naye hivyo hivyo, mama."

Ndipo wakaanza kusemezana, mama kwa mama, huyu barazani na yule nje ya geti, na Fundi akaona heri anyamaze. Masharti yakapangwa. Uwanja wa mbele ni wa Mama Mkunga, mbwa hakanyagi. Uwekwe uzio wa mbao kati ya mbele na nyuma, kwa gharama ya Fundi, wenye urefu wa kumfika Mama Mkunga kifuani, na mlango wake uwe na komeo upande wa mbele. Mbwa atapita njia ya nyuma. Akibweka baada ya watu kulala, wataitana. Akimng'ata mtu, hata kuku, wanahama siku hiyo hiyo.

"Na wewe Fundi," Mama Mkunga akasema, "nyumba yangu utaipaka. Yote. Kwa bei ya mtu aliyenifanya nichekwe na mpwa wangu."

"Nitaipaka, mama."

"Rangi nitachagua mimi."

*

Walihamia kwa mkokoteni uliokwenda mara mbili. Kile kijichumba chenye neti akakichukua Kadogo, akawa na chumba chake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, na siku za mwanzo alikuwa akifunga mlango kwa sababu tu mlango upo. Shemeji alilala jikoni, karibu na bomba, mahali penye ubaridi. Fundi alijenga uzio kwa mbao za mabaki, akazipiga randa mpaka zikawa laini, akaupaka kijani alichokichagua Mama Mkunga, kijani kikali cha mkebe wa dawa ya mbu. Alikipaka bila kusema neno, na kwa fundi rangi hilo si jambo dogo.

Asubuhi Mama Kadogo alikwenda kwa dobi kwa miguu, Kadogo shuleni, Fundi kwenye ngazi zake. Jioni walirudi, wakafungua dirisha, wakasikia maji yakitoka kwenye bomba lao. Kaka alipopiga simu, Mama Kadogo alimshikia Shemeji simu sikioni, lile lililosimama, mbwa akaisikia sauti ikiita kutoka mbali, akapiga mkia sakafuni.

Mama Mkunga alikuwa na kiti chake cha kamba. Wiki ya kwanza alikaa nacho barazani, mlangoni kabisa, ufagio umeegemezwa karibu. Alizungumza na Mama Kadogo kwa mbali kuhusu bei ya mchele, kuhusu nyonga yake, kuhusu watoto aliowazalisha ambao sasa ni watu wazima na wanampita barabarani bila salamu. Wiki iliyofuata kiti kilishuka kutoka barazani. Alisema barazani kuna upepo mbaya. Baadaye kikasogea mpaka kwenye bustani ya maua. Alisema jua linamfuata, afanyeje.

Jumapili moja alasiri, Fundi na mkewe walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wao wa nyuma. Yeye alikuwa amenyoosha miguu, soksi amevua, hana ngazi ya kupanda wala ukuta wa kukwangua mpaka kesho yake. Mkewe alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Upande wa pili wa uzio walimwona Mama Mkunga akiburuta kiti, anasimama, anapumua, anaburuta tena. Alikiweka sentimita chache tu kutoka kwenye mbao za kijani, akakaa, akafungua gazeti. Shemeji alikuwa amelala upande wa huku, mgongo umeegemea mbao zile zile.

"Huku ndiko kwenye kivuli," Mama Mkunga alisema, bila kuulizwa na mtu.

Fundi akatazama kati ya mbao. Jua lilikuwa limempiga yule mama utosini, gazeti linang'aa mpaka haliwezi kusomeka, na jasho linamtiririka shingoni. Kivuli kilikuwa barazani, chote, kimeachwa bure. Akafungua mdomo.

Mama Kadogo akamkanyaga mguu taratibu.

"Kweli, mama," alisema, huku akirusha mchele hewani na kuudaka. "Huko kuna kivuli kizuri."